MTIKISIKO WA UBONGO: HISTORIA YA ISTILAHI MOJA NA SWALI LA JINSI MICHEZONI

Utangulizi

Mwaka 1967 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili ambazo ni nadra kutajwa pamoja. Moja iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na nyingine iliunda Baraza la Michezo la Taifa. Baraza la kwanza lilikabidhiwa dhamana ya maneno, na la pili dhamana ya viwanja. Makala haya yanahusu jambo lililo mpakani mwa dhamana hizo mbili, yaani dhara linalompata mchezaji anapogongwa kichwa, jina la dhara hilo, na namna jina hilo linavyotusaidia, au linavyotuzuia, kumwona mchezaji wa kike aliyeumia.

Huenda msomaji akadhani kwamba hili ni shauri la matabibu peke yao. Sivyo. Tuchukue mfano wa Busunzu, katika nyanda za juu za Kigoma, kwenye eneo la Kibondo na Kasulu. Timu ya wasichana wa shule inacheza soka. Mlinda mlango anaruka kuudaka mpira, anagongana na mwenzake kichwa kwa kichwa, anaanguka, kisha anainuka. Hakuzimia wala hakutoka damu. Mwalimu anamwuliza, "Vipi mwanangu, umeumia?" Naye anajibu, "Hapana, mwalimu, ni kichwa tu." Mchezo unaendelea. Jioni anajitwika ndoo ya maji kama kawaida yake. Kesho yake darasani maandishi ya ubaoni yanamchezea machoni, mwanga unamsumbua, na hesabu aliyoiweza juzi leo haimwingii. Mwishoni mwa juma anaambiwa kwamba amekuwa mvivu.

Mfano huu tumeuunda wenyewe, lakini mwalimu aliyewahi kusimamia michezo ya shule hatauona mgeni. Katika mazungumzo yale hakuna aliyemdanganya mwenzake. Mwalimu aliuliza kwa maneno aliyokuwa nayo, na msichana akajibu kwa maneno aliyokuwa nayo. Kilichokosekana ni neno la kulitenga dhara lisiloonekana na maumivu ya kawaida ya kichwa. Kusudi letu ni kueleza jinsi neno hilo lilivyopatikana kwingineko, makosa yaliyofanywa njiani, na somo ambalo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaweza kulipata humo.

Asili ya jina

Kugongwa kichwa ni jambo la kale kama binadamu mwenyewe. Hata hivyo, kwa karne nyingi waganga hawakulitenga dhara hili na kuvunjika kwa fuvu. Wanahistoria wa tiba humtaja Abu Bakr al-Razi, daktari Mwajemi aliyefanya kazi Rai na Baghdad na kufariki karibu na mwaka 925, kuwa miongoni mwa wa kwanza kuligawa wazo hilo. Yeye alitambua kwamba ubongo waweza kuvurugika kazi yake ingawa haukupasuka wala fuvu halikuvunjika. Mwishoni mwa karne ya 13 Lanfranc wa Milan, aliyefundisha upasuaji mjini Paris, aliliendeleza wazo hilohilo katika vitabu vyake. Katika karne ya 16 mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré akalieneza jina lake. Wataalamu wa Ulaya walilijenga jina hilo juu ya maneno ya Kilatini yenye maana ya kutikisa kwa nguvu.

Tuzingatie kwamba wazo lilitangulia, na jina likafuata. Ndivyo ilivyo kwa kila istilahi njema. Msanifu wa istilahi hana budi kujiuliza kwanza ni wazo gani linalotakiwa kubebwa, kisha ndipo atafute chombo cha kulibeba. Wazo la al-Razi lilikuwa la hali, yaani ubongo uliovurugika bila kuvunjika.

Katika Kiswahili yapo maneno manne yanayoshindania nafasi hii. La kwanza ni kuzimia, au kuzirai. Neno hili wengi wanalijua, lakini linataja dalili moja tu, nayo ni dalili ambayo mara nyingi haitokei. Wachezaji wengi waliopatwa na dhara hili hawakupoteza fahamu hata kwa nukta moja.

La pili ni mshtuko wa ubongo. Neno mshtuko tayari limekwisha kubebeshwa mizigo mingi. Tunasema mshtuko wa moyo, mshtuko wa umeme, na mshtuko wa mtu aliyepata habari mbaya. Tena lina hatari nyingine ambayo wafasiri hawaiangalii sana. Ukisema kwamba msichana "amepata mshtuko tu", wasikilizaji watadhani aliogopa. Dhara la mwili litakuwa limegeuzwa kuwa woga, na kwa mtoto wa kike tafsiri hiyo hupokewa upesi mno.

La tatu na la nne ni mtikiso wa ubongo na mtikisiko wa ubongo. Hapa sarufi yetu inatusaidia. Mpasuo hutokana na pasua, na mpasuko hutokana na pasuka. Cha kwanza ni kitendo, cha pili ni hali inayobaki baada ya kitendo. Vivyo hivyo mtikiso ni kile kinachofanywa na kiwiko, goti, mpira au ardhi, ilhali mtikisiko ni hali ya ubongo baada ya hapo. Kwa kuwa tabibu hatibu goti la mpinzani bali hutibu hali ya aliyegongwa, mtikisiko wa ubongo ndiyo istilahi inayolibeba wazo kwa ukamilifu. Wala si ngeni masikioni mwa watu. Tangu mwaka 2008 magazeti na redio zetu zimezungumza sana juu ya mtikisiko wa uchumi, na kila msikilizaji alielewa kwamba kitu kimevurugika ingawa bado kimesimama.

Kipimo cha kuzimia na kuanguka kwake

Kosa la kulipima dhara hili kwa kuzimia halikuwa letu peke yetu. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika juu ya wanandondi waliodhoofika akili kwa kupigwa kichwa mara nyingi, akawafungua macho wataalamu. Hata hivyo, miongozo iliyotumika huko baadaye, ukiwamo ule wa chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu wa mwaka 1997, iliyagawa madhara haya katika madaraja, na kuzimia kukapewa uzito mkubwa kuliko dalili nyingine. Aliyezimia aliwekwa katika daraja la juu. Ambaye hakuzimia aliweza kuonekana ameumia kidogo.

Wakati huohuo hatari ilikuwa imekwisha kuonekana. Mwaka 1984 madaktari wawili wa Marekani walieleza kifo cha kijana wa chuo aliyegongwa tena kabla hajapona pigo la kwanza. Pigo la pili halikuwa kubwa, lakini ubongo ulikuwa bado haujatulia. Habari hiyo yatosha kuonyesha kwamba swali la "umezimia au hukuzimia" si swali la kumrudishia mtu uwanjani.

Mwaka 2001 wataalamu walikutana Vienna katika mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya mtikisiko wa ubongo michezoni. Walitoa maana mpya ya pamoja ambayo haikudai kuzimia, wakayaacha madaraja ya zamani. Mkutano wa Prague wa mwaka 2004 ulileta jozi ya istilahi, mtikisiko sahili na mtikisiko changamano, pamoja na fomu ya kumpimia mchezaji pembeni mwa kiwanja. Mkutano wa Zurich wa mwaka 2008 ukaitupa jozi hiyo, kwa sababu ilionekana kwamba haiwasaidii watu kazini. Ikafuata mikutano ya Zurich mwaka 2012, Berlin mwaka 2016 na Amsterdam mwaka 2022. Jambo hili linapaswa kututia moyo. Hata mataifa yenye vyuo na maabara nyingi hubuni istilahi, huzijaribu, na zisipofaa huziacha bila haya.

Mchezaji ni nani?

Hapa tunafika kwenye kiini cha makala haya. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika upatanisho wake. Mchezaji amegongwa, yeye anaumwa, mwite daktari: hakuna kiambishi hata kimoja kinachosema kama ni mvulana au msichana. Hiyo ni sifa njema ya lugha yetu, na mara nyingi imetuepusha na matatizo yanayowasumbua wengine. Lakini kwa mfasiri wa maandishi ya tiba sifa hiyohiyo yaweza kuwa mtego. Akisoma taarifa iliyotokana na wanaume peke yao, kisha akaandika "wachezaji hupona katika muda kadhaa", msomaji wa Kiswahili atadhani kwamba wanawake nao walipimwa. Lugha itakuwa imefunika pengo ambalo utafiti uliliacha wazi.

Na pengo lenyewe lilikuwa kubwa. Kwa miaka mingi maarifa juu ya mtikisiko wa ubongo yalitoka zaidi katika mpira wa Kimarekani, ndondi na mchezo wa magongo ya barafuni, ambako waliopimwa walikuwa wanaume. Mwaka 2022 watafiti walichapisha uchunguzi wa tafiti zilizotegemewa na matamko makuu ya kimataifa kuhusu dhara hili. Waliona kwamba takriban watu 80 katika kila 100 waliochunguzwa walikuwa wanaume, na kwamba tafiti kama 4 kati ya kila 10 hazikuwa na mwanamke hata mmoja. Kanuni zilizotolewa kwa jina la wachezaji wote zilikuwa zimesimama juu ya miili ya nusu moja.

Haikuwa kwamba wanawake hawachezi. Marekani ilipitisha mwaka 1972 sheria iliyokataza ubaguzi wa jinsi katika elimu, na vyuo vikalazimika kuwafungulia wanawake milango ya michezo. Kwetu, Theresia Dismas aliiletea Tanzania medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililodai elimu ya msingi kwa wote ifikapo mwaka 1977, liliwaingiza wasichana wengi mno shuleni, na shule ilikuwa na kiwanja. Kwa muda mrefu desturi iliwagawa, wavulana wakipelekwa kwenye soka na wasichana kwenye netiboli, lakini mgawanyo huo umelegea. Twiga Stars walifuzu mashindano ya wanawake ya Afrika mwaka 2010, na Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana wasiozidi miaka 17 nchini India mwaka 2022. Katika mashindano ya UMISSETA ya shule za sekondari, na katika michezo ya vyuo vya ualimu, wasichana hugombania mipira ya juu kama wavulana. Kwa hiyo vichwa vyao navyo hugongana.

Yale tafiti zilivyosema

Wataalamu wa Marekani walianza kuwalinganisha wanariadha wa vyuo wa kike na wa kiume waziwazi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, juu ya misimu ya tangu 1997 hadi 2000, ulionyesha kwamba katika michezo kama soka na mpira wa kikapu wanawake walipata mtikisiko wa ubongo kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume. Mwingine wa mwaka 2005, juu ya wanariadha wa sekondari na vyuo, ulisema kwamba baada ya kuumia, wanawake walionekana kupungukiwa na uwezo wa akili katika vipimo mara 1.7 kuliko wanaume. Ikaenea kauli kwamba wanawake huumia zaidi na huchelewa kupona.

Sababu zilitafutwa mwilini. Wengine walitaja shingo, kwa kuwa shingo yenye nguvu ndogo hukiacha kichwa kiyumbe zaidi kinapopigwa. Wengine walitaja homoni za mzunguko wa mwezi. Mwaka 2018 watafiti wa Philadelphia walionyesha katika maabara kwamba nyuzi za chembe za ubongo za kike ni nyembamba kuliko za kiume na huharibika zaidi zinapovutwa kwa nguvu ileile. Hoja hizi zina uzito wake, wala hatuna sababu ya kuzibeza.

Lakini lilikuwapo swali lingine ambalo halikuulizwa mapema: je, waliolinganishwa walifika kwa mganga siku moja? Mwaka 2019 watafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia walichunguza wagonjwa wa umri wa kwenda shule. Kwa jumla wasichana walichelewa kupona kuliko wavulana. Hata hivyo walipowatazama wale waliofikishwa kliniki ndani ya siku 7 za kwanza, tofauti ile haikuonekana tena. Kisha mwaka 2021 zikatoka habari za mpango mkubwa ulioanzishwa mwaka 2014 na chama cha michezo ya vyuo vya Marekani pamoja na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Katika mpango huo walilinganishwa wanariadha zaidi ya 1,000 wa vyuo waliopatwa na mtikisiko, soka kwa soka, kikapu kwa kikapu. Kwa jumla muda wa kupona wa wanawake na wa wanaume ulikaribiana.

Tuliweke wazi jambo hili. Katika vyuo vile hukaa mtaalamu pembeni mwa kiwanja, anayelijua jina la dhara na dalili zake, naye humwona mwanamke na mwanamume siku ileile. Palipo na mtu wa namna hiyo, tofauti hupungua. Haina maana kwamba maumbile hayana nafasi. Ina maana kwamba sehemu kubwa ya ucheleweshaji uliodhaniwa kuwa wa mwili wa kike ilikuwa ni ucheleweshaji wa kutambuliwa.

Jinsi na jinsia

Matokeo hayo yanaturudisha kwenye istilahi, maana yanadai maneno mawili yasiyochanganywa. Katika fomu zetu za ofisini huandikwa mahali pamoja "jinsi", mahali pengine "jinsia", na mjazaji hutia ME au KE bila kujali. Katika maandishi ya serikali ya miongo ya karibuni yamejengeka matumizi yanayofaa kuimarishwa: jinsi ni maumbile ya kike au ya kiume, na jinsia ni mafungu ya kazi, wajibu, heshima na matazamio ambayo jamii huwapa wanawake na wanaume.

Nguvu ya shingo na wembamba wa nyuzi za ubongo ni mambo ya jinsi. Ndoo ya maji ya msichana wa Busunzu ni jambo la jinsia. Mkutano wa Amsterdam ulishauri mapumziko ya kadiri kwa saa 24 hadi 48, kisha kazi nyepesi zikiongezwa hatua kwa hatua, bila kumrejesha mchezaji mchezoni siku aliyoumia. Agizo la "pumzika" kwa mvulana huenda likamaanisha kutocheza mpira. Kwa msichana halitamaanisha kitu kama nyumbani anangojewa kuteka maji, kubeba kuni na kubembeleza mtoto. Mwalimu anayepeleka taarifa kwa wazazi hana budi kulifasiri neno pumzika mpaka liguse kichwa hicho kinachobeba ndoo.

Jinsia inawabana wavulana pia. Kijana aliyefunzwa kwamba mwanamume havunjiki moyo huficha kizunguzungu chake ili asitolewe uwanjani. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mfasiri atakayeandika jinsi mahali pa jinsia atakuwa amelihamisha shauri la jamii na kulitia ndani ya mwili wa mtu, na hapo hakuna atakayeona kwamba kuna jambo linaloweza kurekebishwa.

Mapendekezo

Kutokana na hayo, tunapendekeza maneno yafuatayo yazingatiwe, yajadiliwe, na yasiyofaa yaachwe kama walivyofanya wengine:

Mtikisiko wa ubongo: hali ya ubongo kuvurugika kazi yake kwa muda baada ya kichwa, shingo au mwili kupata pigo, hata kama aliyepigwa hakuzimia.

Mtikiso: tendo la kukitikisa kichwa kwa nguvu, ambalo laweza kuleta au lisilete mtikisiko wa ubongo.

Mapumziko ya kadiri: kupunguza kazi za mwili na za akili kwa siku moja au mbili, pamoja na kutobeba mzigo kichwani.

Kurejea kwa hatua: kurudi darasani na mchezoni kidogo kidogo, kila hatua ikingoja ile iliyotangulia ipite salama.

Jinsi na jinsia: kama zilivyoelezwa hapo juu, kila moja mahali pake.

Aidha, mfasiri akikuta taarifa iliyotokana na wanaume, aandike "wachezaji wa kiume" hata kama mwandishi wa asili hakutaja. Kufanya hivyo si kuongeza neno bali ni kulirudisha lililofichwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba dhara hili lilikaa karne nyingi bila kutengwa na kuvunjika kwa fuvu, likapata jina, likapimwa kwa kipimo kibovu cha kuzimia, kisha likapimwa kwa nusu ya wachezaji. Kila mara maendeleo yalianza pale mtu alipouliza kama neno linalotumika linaeleza sawasawa kinachotokea.

Kutoka Busunzu hadi hospitali ya wilaya ni safari, na hakuna baraza la lugha liwezalo kuifupisha barabara. Lakini safari huanza uwanjani, pale mwalimu anapoamua kama kuna sababu ya kuondoka. Mwalimu aliyetoka katika chuo chetu chochote cha ualimu akijua kuuliza, "Unaona kizunguzungu? Unakumbuka tulifungwa na nani? Mwanga unakuumiza?", atakuwa na zana isiyohitaji umeme wala fedha za kigeni. Na akiona kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi usioamshika au maumivu ya kichwa yanayozidi, asingoje kesho. Zana hiyo ni maneno, na dhamana ya maneno ni yetu.